Uso wa babu, kanzu nyeupe na maji ya moto ya bomba: kutafuta toni laini kwenye filamu ya 4x5

#1 MvukutoJinja

Wakuu, habari za Jumapili. Uzi huu niliuahidi tangu Pasaka. Leo umeme umekatika toka asubuhi hapa Jinja, chumba cha giza hakina feni, kwa hiyo nimekaa barazani naandika kwa simu. Ni mrefu, nivumilieni.

Kila anayeanza kupiga kwa kamera kubwa ya shiti (filamu ya kipande kimoja kimoja, si roli), ile ya mvukuto na kitambaa cheusi kichwani, huja na hamu moja. Anataka picha nyororo, kijivu kiteremke kutoka shavuni hadi shingoni bila kuonyesha ngazi. Halafu shiti ya kwanza inatoka: uso wa mtu kama mkaa, kanzu nyeupe tupu isiyo na hata mkunjo, na anga ina mawimbi kama bati. Mimi yalinikuta siku ya kwanjula (utambulisho wa mchumba nyumbani) ya dada yangu. Nilimpiga babu, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake, amekaa uwanjani saa sita mchana. Shiti nne, zote mbovu. Babu alikaa kimya akinisubiri kila nilipobadilisha holda ya filamu, na mwisho sikuwa na kitu cha kumpelekea. Hilo liliniuma kuliko bei ya filamu.

Tuelewane kwanza kamera yenyewe inakupa nini. Negativu ya inchi 4 kwa 5 ina eneo kama mara 13 ya ile ya milimita 35. Ukitaka picha ya inchi 16 kwa 20, shiti unaikuza mara 4 tu, wakati ile ndogo unaikuza karibu mara 17. Ndiyo maana chenga, zile punje za filamu, hazionekani. Lakini kukosa chenga ni jambo moja na kuwa na toni ni jambo lingine kabisa. Shiti zangu za babu hazikuwa na chenga hata moja, na bado uso ulikuwa shimo.

Ninachoamini sasa, baada ya miaka sita ya kuharibu na kurekebisha: ulaini unaamuliwa na mahali ulipouweka uso kwenye filamu, kisha na joto la dawa ya kusafishia. Aina ya filamu na jina la lenzi vinakuja nyuma, tena mbali.

Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer walipanga mfumo wa kanda huko Los Angeles karibu mwaka 1940. Kanda 0 ni weusi mtupu, X ni weupe mtupu, V ni kijivu cha kati, na kutoka kanda hadi kanda ni stopu moja, yaani mwanga mara mbili au nusu yake. Mita yako ya mwanga haijui chochote ila V. Ukiielekeza kwenye kanzu itadhani kanzu ni kijivu, ukiielekeza kwenye koti jeusi itadhani hilo nalo ni kijivu. Sasa vitabu vya kule vinakwambia ngozi iweke kanda VI. Hiyo ni ngozi ya Mzungu. Ukipima shavu la babu yangu na kufungua stopu moja ili liende VI, utapata mtu wa majivu ambaye nyumbani hakuna anayemjua. Na ukipima uwanja mzima pamoja na kanzu, mita inaona weupe, inabana mwanga, na uso unaanguka kanda II ambako filamu karibu haiandiki kitu. Toni haziwezi kuwa laini mahali ambapo hazipo.

Mimi napima shavu, upande wenye mwanga, halafu nafunga stopu moja. Ngozi inakaa IV. Paji la uso na mfupa wa shavu, pale panapong'aa, panapanda penyewe hadi VI, na chini ya kidevu panashuka III. Tazameni hapo: uso mmoja unatembea kwenye kanda nne. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao, yaani inarudisha sura ya kile kilicho mbele yake. Weka jua kali mbele, utapata doa dogo jeupe lenye kingo kali. Weka anga la mawingu au ukuta mpana uliopakwa chokaa, na mng'ao unakuwa mpana, kingo zake zinafifia polepole. Ule uteremko tunaoutafuta unatoka hapo, kwenye upana wa mwanga, kabla hata hujafungua shata.

Sisi tuko karibu juu ya ikweta. Saa sita jua liko utosini na macho yanakuwa mapango. Jioni ule mwanga mzuri unapita haraka, hujamaliza kufokasi umekwisha. Kwa hiyo nimehamia barazani. Mtu anakaa hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli cha bati, uso kuelekea uwanjani. Udongo wetu mwekundu wa uwanjani unarudisha mwanga chini ya kidevu, na filamu ya kawaida ya pankromatiki, inayoona rangi zote, inauona wekundu huo. Filamu ya ortho haiuoni. Nilijaribu Ilford Ortho Plus kwa shangazi yangu. Ngozi ikazidi kuwa nyeusi na kila kidoa kikatokeza. Sitarudia kwa uso wa mtu.

Barazani kanzu nimeipima mara nyingi, huwa stopu 3 na nusu juu ya shavu. Shavu likiwa IV, kanzu iko VII na nusu, na nyuzi za kitambaa bado zinaonekana. Hakuna haja ya ujanja wowote. Ila kanzu ikiwa juani na uso kwenye kivuli cha kofia, tofauti inafika stopu 5 au 6, na hapo dawa ndiyo itakayokuokoa au kukuzika.

Natumia filamu ya FP4 Plus. Boksi linasema kasi yake ni ISO 125, mimi naiwekea 64 ili vivuli vipate chakula. Barazani na filta ya njano, hiyo inakuja kama tundu la lenzi f/16 kwa nusu sekunde. Mtu aegemee kiti vizuri na umwambie atoe pumzi kabla hujabonyeza.

Sasa kusafisha. Dawa yangu ni ID-11, na D-76 ni karibu dawa ile ile, kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji. Karatasi ya Ilford inasema dakika 11 kwa nyuzi 20. Nyuzi 20 hapa Jinja nitazitoa wapi? Maji ya tangi langu saa tisa alasiri yanafika 26. Mwaka wa kwanza nilipigana nayo kwa barafu. Dawa ilikuwa 20, fiksa (ile ya kuidumisha picha) 25, maji ya kusuuza 26, na katikati ya kazi dawa ilishapanda hadi 22 nami niko gizani sijui. Kila shiti ilitoka na ukali wake. Nikaacha ugomvi. Sasa kila kitu ni nyuzi 24: dawa, maji, fiksa, hata maji ya kulowekea mwanzoni. Muda unashuka hadi kama dakika 7 na nusu, nami napunguza nusu dakika nyingine kwa sababu filamu nimeshaipa mwanga zaidi. Dakika 7. Kwa kanzu ya juani, dakika 5 na nusu.

Chini ya dakika 5 msishuke. Muda ukiwa mfupi, zile sekunde kumi za kumimina dawa zinakuwa sehemu kubwa ya kazi yote, upande mmoja unatangulia mwingine, na hayo ndiyo mawimbi ya angani. Ndiyo sababu situmii dawa bila maji: kwa joto letu inakimbia mno.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

#2 KijanaWaMbale

Mkuu, heshima yako. Uzi huu nimeusubiri. Nina maswali mawili. La kwanza, natumia Fomapan 100 kwa sababu ndiyo ninayoimudu. Je, nijikusanye ninunue T-Max 100 ambayo wanasema ni laini zaidi? La pili linaniumiza kichwa. Nilimpiga mama yangu, kichwa na mabega tu. Nilipima shavu, nikafunga stopu moja kama ulivyonielekeza mwezi uliopita, nikasafisha kwa nyuzi 24. Uso bado ni mweusi, masikio hayaonekani. Nimekosea wapi?

#3 MvukutoJinja

Kijana, baki na Foma yako, iwekee 50 badala ya 100. T-Max ina chenga ndogo zaidi, ni kweli, lakini kwenye 4x5 tofauti hiyo hutaiona mpaka picha iwe kubwa kama mlango. Halafu T-Max inasikia kila badiliko la muda na joto. Kwa mtu anayesafisha kwa maji ya Mbale bila beseni kubwa, filamu inayosamehe ni bora kuliko filamu tajiri.

La mama: lenzi yako ni milimita ngapi, na mvukuto ulikuwa umeuvuta kiasi gani? Chukua rula, rudisha kamera kama ilivyokuwa, pima kutoka ubao wa lenzi hadi kioo cha nyuma.

#4 KijanaWaMbale

Lenzi ni 150. Rula inasema 210. Na filta ya njano ilikuwepo.

#5 MvukutoJinja

Basi tumeipata. Gawanya 210 kwa 150, unapata 1.4. Zidisha kwa yenyewe, karibu 2. Maana yake mwanga unaofika kwenye filamu ni nusu ya ule uliopima, yaani stopu moja imepotea ndani ya mvukuto. Filta ya njano nayo inakula kama stopu moja. Kama hukuiongezea, mama yako alikaa kanda II wakati wewe ulidhani yuko IV. Huko juu nimesema nusu sekunde. Hiyo ni kwa mtu wa kiti kizima, mvukuto karibu umefungwa. Kwa kichwa na mabega ni sekunde moja, na lazima kichwa kiegemee kitu.

Mpige tena. Huo upimaji wako haukuwa na kosa, hesabu tu ndiyo iliyobaki nyuma.

#6 MzeeWaStudio

Vijana, nimesoma yote. Mimi nilikuwa na studio Kampala miaka mingi, na kabla yangu alikuwepo mzee wangu. Kanda hatukuzijua. Tulipima kiganja. Kiganja cha mtu mweusi hakifuati uso, ni cheupe zaidi, na hakibadiliki sana kati ya mteja huyu na yule. Tulipima hapo, tunafungua kidogo, tunapiga. Nyuso zilitoka.

Jambo la pili ambalo mwandishi hakuligusa: ulaini wa ngozi wa picha za zamani haukuwa wa dawa peke yake. Ulikuwa wa penseli. Negativu kubwa unaiweka mezani juu ya kioo chenye taa nyuma, unachonga penseli mpaka ncha iwe kama sindano, unajaza mikunjo ya chini ya macho kwa vitone. Kwenye negativu mkunjo ni sehemu nyepesi. Ukiongeza risasi ya penseli pale, kwenye picha panakuwa peupe sawa na jirani yake. Filamu ndogo huwezi kuifanyia hivyo. Hii ya shiti imetengenezwa kwa mkono wa namna hiyo. Mteja alitoka kijana kwa miaka kumi, akarudi na jamaa zake.

#7 MvukutoJinja

Shikamoo Mzee. Asante sana kwa kushuka hapa. Kiganja nakubali, na wadogo wasio na mita ya kupima mbali waishike hiyo: pima kiganja chako mwenyewe na kadi ya kijivu kwenye kivuli kimoja, andika tofauti, hiyo ndiyo namba yako ya maisha.

Penseli nitajifunza, ila Mzee niruhusu nishikilie msimamo wangu. Mikunjo ya babu sitaki kuijaza. Ulaini ninaoutafuta ni wa mwanga kupita juu ya mkunjo bila kuuruka wala kuuficha. Kwenye ile shiti nzuri niliyompiga baadaye, kila mstari wa paji lake upo, na kati ya mstari na mstari kuna vijivu sijui vingapi. Hicho ndicho nilichompelekea. Aliishika kwa kingo mbili, kama sahani ya moto, akaitazama kwa muda mrefu.

#8 MzeeWaStudio

Marahaba. Hapo sina ubishi. Wateja wangu walilipia ujana, babu yako hakulipa. Lakini hakikisha kichwa cha mashine yako ya kukuzia ni cha mwanga uliotawanywa, si cha lenzi za kukusanya mwanga. Kile cha pili kinaongeza ukali kwenye weupe na kuonyesha kila kikwaruzo. Picha za vijana wengi naziona kanzu imeungua, nao wanailaumu filamu.

#9 LubugoMasaka

Nami naomba kuingia. Hapa kwetu napenda kutundika lubugo nyuma ya mtu, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba chenye rangi ya udongo. Kwa macho linapendeza ajabu. Kwenye filamu uso na lubugo vinashikana, siwezi kusema sikio linaishia wapi. Nimejaribu filta ya njano, ya machungwa, ya kijani. Hola.

#10 MvukutoJinja

Filta haitakusaidia, ssebo, kwa sababu ngozi na lubugo ni ndugu wa rangi. Vyote vina wekundu mwingi na buluu kidogo. Ukikipandisha kimoja, cha pili kinapanda naye. Tenganisha kwa umbali. Lubugo liache kwenye ukuta wa ndani wa baraza, mtu msogeze mbele mita mbili kuelekea ukingoni. Mwanga unapungua kadiri unavyoingia ndani, kwa hiyo lubugo litashuka hadi kanda III au chini kidogo, uso utabaki IV na mng'ao wake wa VI. Stopu moja tu inatosha kulitoa sikio. Na kwa f/16 nyuzi za lubugo zitalegea fokasi kidogo, hapo ndipo linapoanza kuonekana kama moshi wa jikoni. Mimi naona hakuna pazia la studio linalolifikia.

#11 DadaWaArua

Kaka, salaam kutoka Arua. Kwanza asante, hii ya nyuzi 24 imeniokoa, ingawa maji yangu mimi yanafika 28 na lazima nitie chupa za barafu kwenye beseni. Nina mambo matatu.

Moja, nilipiga ndani ya msitu wa Mabira nikiwa safarini. Mita ilisema sekunde 10, nikatoa sekunde 10, shiti ikawa nyepesi kama maji.

Mbili, sina karatasi wala mashine ya kukuzia, naingiza kwa skana ya mezani. Anga inatoka na mistari ya ngazi, wakati kwenye negativu hakuna ngazi.

Tatu, nina alama nyeupe ndefu kama ulimi pembeni ya anga kwenye karibu kila shiti, hiyo ipo kwenye negativu yenyewe na naiona kwa macho kama weusi uliozidi. Tanki langu ni lile la kugeuza.

#12 MvukutoJinja

Dada, moja: filamu inachoka mwanga ukiwa mdogo. Kuanzia sekunde moja kwenda juu unaiongezea. Kwa FP4, Ilford wanasema chukua sekunde za mita uzipandishe kwenye kipeo cha 1.26, kwa HP5 ni 1.31. Simu yako ina kikokotoo cha kufanya hivyo. Sekunde 10 zinakuwa 18, sekunde 4 zinakuwa karibu 6. Vivuli ndivyo vinavyokufa kwanza, ndiyo maana msitu ulitoka mwepesi.

Mbili: skana yako iko kwenye biti 8. Hiyo ina ngazi 256 tu kutoka weusi hadi weupe, na ukianza kunyoosha kontrasti kwenye kompyuta unazivuta mpaka zinaachana. Tafuta kwenye mpangilio biti 16 za kijivu, ngazi 65,536. Faili litakuwa zito, livumilie. Wala usiiruhusu skana ijirekebishe yenyewe. Acha negativu iingie ikiwa imepauka, nafasi ibaki pande zote mbili, ukali utautia baadaye. Watu wengi humu wanapiga shiti ya inchi 4 kwa 5 halafu wanaitupa toni yake yote kwenye hatua hii ya mwisho.

Tatu: weusi uliozidi kwenye negativu maana yake dawa imepita pale kwa kasi zaidi ya sehemu nyingine. Unageuzaje? Na unatia dawa kiasi gani?

#13 DadaWaArua

Nageuza kwa nguvu, mara kumi kila dakika. Dawa natia mpaka shiti zifunikwe tu, kwa sababu ni ghali na inatoka Nairobi kwa basi.

#14 MvukutoJinja

Hapo pana makosa mawili yanayosaidiana. Dawa ikiwa shingoni mwa shiti, kila ukigeuza inapiga ukingo kama wimbi la ziwani. Jaza tanki mpaka ibaki nafasi ndogo tu ya hewa. Ubahili wa dawa naujua, yangu pia inakuja kwa basi, lakini shiti nne za 4x5 ni eneo sawa na roli moja ya picha 36, nazo zinahitaji kama mililita 250 za dawa halisi. Ukichanganya kipimo kimoja cha dawa kwa kimoja cha maji hiyo ni nusu lita, na kama tanki ni kubwa kuliko hapo jazia zaidi.

Kisha: loweka shiti kwenye maji ya 24 kwa dakika 3 kabla ya dawa. Mimina dawa haraka, usipige kona. Nusu dakika ya kwanza geuza mfululizo, polepole, kama unayemlaza mtoto. Baada ya hapo mara nne mwanzoni mwa kila dakika, na kila mara ukigeuza zungusha tanki robo ili wimbi lisirudi njia ile ile. Ukimaliza, suuza ya mwisho tumia maji ya betri kutoka kituo cha mafuta, ili matone yasiache alama. Soma chupa vizuri, iwe maji ya betri na si asidi ya betri, maana chupa zake zinakaa rafu moja.

Niambie pia ulimi huo uko upande gani ukilinganisha na mdomo wa tanki.

#15 KijanaWaMbale

Nimempiga mama tena jana jioni, kichwa kimeegemea nguzo ya baraza. Sekunde moja. Masikio yapo, yote mawili, na hereni ina mng'ao wake. Ameniomba nimpige na dada yake.

#16 DadaWaArua

Kaka, nimetoka kukagua shiti zote tisa kwenye dirisha. Ulimi uko upande wa mdomo wa tanki, kila shiti, bila kukosa hata moja. Nimebakiza mbili za shangazi yangu ambazo sijasafisha. Chupa za barafu ziko kwenye friji tayari, umeme ukikaa hadi saa nne usiku naingia chumbani.